Zoo sita kwa siku tisa: utajuaje mnyama anakaa vizuri?

Dada mmoja kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Mimi na mume wangu na watoto wawili tunasafiri kwa gari siku tisa, njiani kuna zoo sita na tunataka kupita zote. Mwaka jana kwenye zoo moja tulimkuta dubu anaenda anarudi anaenda anarudi palepale, binti yangu akalia, baba yake akamwambia anafanya mazoezi. Sikujua nimwambie nini mtoto. Safari hii nataka nijue kuangalia mwenyewe, banda zuri likoje na baya likoje, au ndo zoo zote ni jela tu kama watu wanavyosema?"

Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, maana hilo la mtoto kulia linanihusu. Kabla sijaanza kuitwa kukagua mabanda nilifagia mabanda miaka mingi sana, nimebeba ndoo za nyama, nimezoa mavi ya tembo kwa koleo, na wanyama wanaoenda wanarudi nimewaona wengi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Binti yako aliona sawasawa. Mwambie hivyo kabla hamjaingia hata kwenye gari.

Mnyama anayefanya mazoezi au anayekagua eneo lake anabadilisha njia, anasimama ananusa, anageuza masikio, kitu kikimvutia anaacha alichokuwa anafanya. Yule anayerudiarudia anakanyaga nyayo zilezile, anageukia palepale, hata kichwa anakizungusha vilevile kila akifika kwenye kona, na ukitazama chini utakuta majani yameisha na udongo umekanyagwa umekuwa kinjia kigumu. Hiyo sio mazoezi. Ni dalili kwamba kuna kitu mwili wake unataka kufanya na hapo alipo hakiwezekani, au kiliwahi kutowezekana huko nyuma. Na dubu wanajulikana kwa hilo hasa. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Oxford walilinganisha wanyama wala nyama wa aina mbalimbali walioko zoo, wakakuta wale ambao porini wanazunguka eneo kubwa ndo wanaoenda-wanarudi zaidi na ndo wanaopoteza watoto wachanga zaidi, na kwa dubu mweupe wa ncha ya kaskazini banda la kawaida lilikuwa kama sehemu moja ya milioni ya eneo dogo kabisa analotembelea porini. Moja ya milioni. Kwa hiyo ukiona dubu, tembo, chui milia, mbwa mwitu, hapo punguza mwendo uangalie vizuri, maana hao ndo zoo inahangaika nao.

Ila ngoja, usiihukumu zoo nzima kwa dubu mmoja uliyemwona dakika tatu. Kuna mambo mawili yanawachanganya hata wakaguzi. La kwanza, tabia hii ikishaingia huwa haitoki kirahisi, ni kama kovu. Mnyama aliyekaa miaka kumi kwenye kizimba cha sarakasi anaweza kuokolewa akapelekwa mahali pazuri kabisa na bado akawa anarudiarudia mpaka uzeeni, sasa hapo unaemwona anateseka ni yule wa zamani na waliopo sasa ndo wanaomuuguza. La pili ni saa ya chakula. Mnyama anayejua mlango utafunguliwa saa tisa kamili anaanza kuhangaika saa nane na nusu, na wageni wengi wanapita muda huohuo. Dawa ya yote mawili ni moja, rudi tena saa nyingine. Na muulize mtunzaji, huyu alitoka wapi, yuko hapa tangu lini. Akikupa historia ya mnyama kama mtu anayemwongelea ndugu yake, basi umeshajifunza kitu kuhusu hiyo zoo.

Sasa nije kwenye lenyewe. Watu wakiniuliza banda zuri likoje wanategemea niwaambie ukubwa, mita kadhaa kwa kadhaa. Ukubwa una maana, sikatai, ila mimi swali ninaloanza nalo popote nikifika ni hili: huyu mnyama anaweza kuamua nini? Simama mbele ya banda ujibu. Akitaka kivuli anakipata? Akitaka jua? Akitaka kukaa juu, kukaa chini, kujificha tusimwone, kumkimbia mwenzake anayemsumbua, kuingia ndani mvua ikinyesha, kutoka akichoka kukaa ndani? Banda dogo lenye majibu mengi ya ndiyo linaweza kulishinda uwanja mkubwa ulio mtupu. Lincoln Park Zoo ya Chicago walilijaribu hili kwa dubu weupe, matokeo yakatoka mwaka 2006, hawakuongeza uwanja wala hawakujenga kitu, waliacha tu mlango wa chumba cha nyuma wazi ili dubu waingie na kutoka wanavyotaka wao, na kule kuendarudi kukapungua na wakacheza wenyewe kwa wenyewe zaidi. Mlango tu! Tangu nisome ile ripoti sijawahi kupita banda bila kutafuta mlango uko wapi na uko wazi au umefungwa.

Kitu kinachotukwamisha sisi wageni ni macho yetu wenyewe, yanapenda kilicho kizuri kwetu. Carl Hagenbeck alipofungua zoo yake Hamburg mwaka 1907 aliondoa vyuma akaweka mahandaki, ukisimama unaona simba kama yuko porini na huku nyuma miamba, watu walishangaa dunia nzima ikaiga, na kweli ilikuwa hatua kubwa, lakini ile miamba ilikuwa saruji na picha yote ilipangwa kwa jicho la mtu aliyesimama kwenye njia. Mfano unaoniuma zaidi ni bwawa la pengwini la London Zoo, la mwaka 1934, la msanifu Berthold Lubetkin. Ni jengo zuri ajabu, njia mbili nyembamba za zege, za mteremko, zinapishana hewani bila nguzo, wanafunzi wa usanifu wanasafiri kulitazama na serikali ya Uingereza inalilinda kama urithi. Pengwini wenyewe walihamishwa mwaka 2004 na hawajarudishwa, zoo ikaja kuwajengea ufukwe mwingine kabisa. Miguu yao haikuumbiwa zege gumu. Nakuambia haya ili ukifika mahali ukasema moyoni "pamependeza!", ujiulize pamependeza kwa nani.

Cheki miamba. Zoo nyingi sa hivi zina miamba ya bandia imechongwa na kupakwa rangi mpaka utaapa ni ya kweli. Je mnyama anaweza kuipanda, ina mahali pa kulala, ina joto wakati wa baridi, ina tundu la kutafutia chakula? Kama ni ukuta tu umevalishwa sura ya mwamba, basi ule ni ukuta. Cheki miti na majani pia, angalia kama kuna waya mwembamba wa umeme umezungushwa, maana mara nyingi kijani chote kizuri unachokiona kiko nje ya waya na mnyama kabakiziwa katikati penye vumbi. Niliwahi kufanya kazi mahali, sitapataja, wageni walikuwa wanapasifia kwa bustani yake, na tapiri (mnyama mnene mwenye pua ndefu kidogo) tuliyekuwa naye alikuwa anaweza kugusa labda robo ya ile bustani, iliyobaki ilikuwa ya kamera. Nilikaa pale miaka miwili kabla sijathubutu kulisema kwenye kikao, na mpaka leo najuta kuchelewa.

Kinyume chake kipo na ningependa watoto wako wakione. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Woodland Park Zoo ya Seattle walitengeneza makazi ya gorila yenye mimea ya kweli, minene, mpaka gorila anaweza kupotea machoni pa wageni, na mgeni naye anajikuta yuko ndani ya msitu huohuo badala ya kusimama juu anamtazama mnyama shimoni. Wenye fani wakati huo walikuwa na hofu, gorila wataing'oa yote, wataumwa. Wazo likashinda na likasambaa. Zoo ya Zürich, Uswisi, mwaka 2003 walifungua ukumbi wa Masoala, zaidi ya hekta moja chini ya paa linalopitisha mwanga, msitu wa Madagaska ndani yake, lemuri na vinyonga wanajitembelea, na wageni wengi wanatoka wanalalamika hatujaona wanyama. Mimi nikisikia lalamiko hilo nafurahi. Mfundishe mtoto kwamba banda ambalo hujamwona mnyama ndani ya dakika tano linaweza kuwa ndo bora kuliko yote ya siku hiyo, mnyama kachagua kutokuonekana na amekubaliwa.

Haya, safari. Zoo sita siku tisa inawezekana ila usithubutu kuweka mbili siku moja, hata kama ziko jirani. Utafika ya pili miguu imekufa, watoto wanalia njaa, jua kali, wanyama nao wamelala, utaondoka unasema zoo mbaya kumbe umechoka wewe. Fika mlango unapofunguliwa, hiyo saa ya kwanza ndo wanyama wametoka nje, hewa bado ya ubaridi, na wafanyakazi wako mabandani unaweza kuongea nao. Saa sita mchana toka mkale mkapumzike, ila uliza kwanza kama tiketi inaruhusu kutoka na kurudi, nyingi zinaruhusu kwa mhuri mkononi. Rudini saa kumi. Hiyo ya kurudi ndo siri yenyewe, maana unayaona mabanda yaleyale kwa saa tofauti.

Na usijaribu kukagua kila kitu. Zoo kubwa ina mamia ya aina za wanyama, utapita unatazama vibao tu. Chagueni wanyama wanne au watano, walewale, muwafuate kwenye zoo zote sita. Hiyo ndo inakupa mizani, maana banda moja peke yake hulijui ni zuri au baya mpaka umeona la pili na la tatu la mnyama yuleyule, na ukifika zoo ya nne jicho lako linakuwa limeshakomaa kabisa. Mimi ningechagua twiga, tembo kama yupo, nyani au sokwe wa aina yoyote, heroe au kasuku, na nyoka. Wale simba waachie wengine, simba porini analala hata saa 20 kwa siku kwa hiyo simba aliyelala hakwambii chochote.

Mpe kila mtoto daftari na kalamu ya risasi. Mkae mbele ya banda dakika ishirini, saa ya mkononi ikigonga dakika mtoto anaandika neno moja tu: anakula, amelala, anatembea, anacheza, anajikuna, anarudiarudia, hayupo. Isiandikwe "ana huzuni", aandike alichoona tu. Inaonekana mchezo wa watoto lakini kwa kweli ndo namna yenyewe ya kazi, Jeanne Altmann aliyekuwa akiwachunguza nyani wa Amboseli aliandika mwaka 1974 jinsi ya kuangalia wanyama kwa mpangilio ili usiandike tu kile kilichokuvutia, na mpaka leo tunamfuata. Ukiwa na maneno ishirini ya asubuhi na ishirini ya jioni, kwa zoo sita, una kitu mkononi. Ongeza na ramani ndogo ya banda, weka nukta pale mnyama alipo kila dakika. Nukta zote zikiangukia kona moja karibu na mlango, basi banda lote lililobaki ni mapambo, na hapo ukubwa ulioandikwa kwenye kibao haukusaidii.

Twiga. Huyu anakudanganya kwa upole wake, anasimama mrefu na macho mazuri unadhani yuko freshi. Mtazame mdomo. Porini anashinda kutwa akichuma majani kwa ulimi wenye urefu wa karibu sentimita 45, huo ulimi una kazi ya kufanya. Akipewa chakula kimeshakatwa kwenye ndoo anamaliza haraka na ulimi unabaki hauna kazi, ndo anaanza kulamba ukuta, kulamba nguzo, kuuzungusha ulimi hewani. Utafiti uliotoka 2001 kwenye zoo za Marekani ulikuta karibu 80 kati ya kila 100 ya twiga na okapi (ndugu wa twiga wa msituni) waliochunguzwa wana tabia ya kurudiarudia, kubwa ikiwa ni hiyo ya kulamba. Kwa hiyo mnapofika, tafuteni matawi mabichi yaliyoning'inizwa juu, na vyakula vilivyofichwa kwenye vyombo ambavyo lazima ulimi uhangaike kuvitoa. Tazama na chini, kwato zimetengenezwa au zimerefuka zimepinda kama viatu vilivyochakaa.

Tembo ni miguu. Uzito wote ule juu ya nyayo nne, ukimsimamisha kwenye zege miaka ishirini viungo vinaharibika na nyayo zinapata vidonda, wengi wamekufa kwa hilo. Tafuta mchanga, mchanga mwingi, hata ndani kwenye nyumba yao, na marundo ya mchanga ya kuegemea maana tembo anayeumwa viungo anaogopa kulala chini akashindwa kuamka. Tafuta maji ya kuzama mwili mzima, chakula kilichotundikwa juu na kusambazwa ili atembee kukitafuta. Hesabu wako wangapi. Tembo mmoja peke yake kwangu mimi ni swali ambalo lazima lijibiwe na mtu. Na baridi je? Detroit Zoo walijiangalia wenyewe wakaona majira yao ya baridi yanawafungia tembo ndani muda mrefu mno, wakatangaza mwaka 2004 kwamba wanaacha kufuga tembo na mwaka uliofuata wakawapeleka wale wawili kwenye hifadhi California. Nawaheshimu sana kwa hilo. Zoo inayojua nini haiwezi kufuga ni zoo ninayoiamini kwa waliobaki.

Kwa nyani na sokwe angalia juu. Watu tunatazama sakafu maana sisi tunatembea sakafuni, lakini giboni, sokwe mdogo mwenye mikono mirefu, anaishi hewani, banda lake linapimwa kwa kimo na kwa umbali kati ya kamba na kamba. Kamba zinacheza au ni mabomba yamekazwa? Mti unaoyumba unamfanya aamue kila anaporuka, bomba halimwambii kitu. Chini kuwe na tabaka nene la majani makavu au maganda ya miti ambalo unaweza kuficha mbegu ndani yake, sio vigae vinavyooshwa kwa mpira. Ukimwona gorila anatapika chakula mkononi halafu anakila tena, usicheke na usiwaache watoto wacheke, hiyo porini haionekani, mara nyingi inahusu aina ya chakula na uchovu wa kukosa cha kufanya. Philadelphia Zoo walikuja na kitu ambacho natamani kingeenea zaidi, vinjia vya wavu vinavyopita juu ya vichwa vya wageni, walianza na nyani wadogo na lemuri mwaka 2011 na baadaye paka wakubwa wakapata chao, mnyama anaondoka kwake anaenda kutazama mtaa mwingine halafu anarudi.

Ndege, swali la kwanza: anaruka? Heroe na ndege wengi wa majini unaowaona kwenye bwawa la wazi bila wavu hawajakaa pale kwa mapenzi, wengi wamekatwa ncha ya bawa wakiwa vifaranga na haitaota tena. Nchi nyingine zimeshakataza na nyingine bado, na kibao hakitakuambia, itabidi uulize. Wavu mkubwa juu ya bwawa unaharibu picha yako lakini ndo heshima kwa ndege. Heroe wanataka pia wingi, wakiwa wachache hawazai, mpaka zoo zingine zinawawekea vioo wajione wengi. Kasuku aliyejinyonyoa kifua kikabaki ngozi tupu anaeleza mwenyewe.

Na nyoka, ambaye watu wanampita mbio. Simama pale. Anaweza kujinyoosha mwili mzima? Wengi bado wanaamini nyoka anapenda kujikunja tu, ukimpa nafasi ananyooka. Kuna upande wa joto na upande wa baridi, au joto moja kote? Kuna pa kujificha pande zote mbili, maana kikiwa kimoja tu atalazimika kuchagua kati ya usalama na joto? Kwa mijusi na kobe kuna taa ya urujuanimno, ile miale inayosaidia mwili utengeneze vitamini D, na hiyo taa inaisha nguvu kabla haijazima kwa macho, kwa hiyo ni halali kabisa kuuliza mnazibadilisha kila baada ya muda gani. Mjusi anayekwangua kioo mfululizo anakuambia mengi tu. Mimi huwa naanzia nyumba ya nyoka kwa makusudi, kwa sababu mkurugenzi anaonyesha pesa zake kwa tembo lakini anaonyesha moyo wake kule ambako hakuna foleni.

Halafu kuna usiku, ambao wewe mgeni huuoni kabisa. Zoo inakuwa wazi kwa muda wa saa nane au tisa hivi kwa siku, saa kumi na tano au kumi na sita zilizobaki mnyama yuko wapi? Pengine lile banda zuri ulilopiga picha anafungiwa nje yake, analala kwenye kichumba cha chuma nyuma. Uliza hivi, kwa upole, "usiku huwa analala wapi, na anaweza kutoka akitaka?" Watunzaji wengi ni watu wanaopenda wanyama kuliko mishahara yao, ukiwauliza swali la kweli wanafunguka, watakuambia na kile wanachopigania kibadilishwe. Usiwaulize kama polisi. Wanabeba lawama za maamuzi ambayo hawakuyafanya wao.

Kuna vitu viwili vitatu ambavyo ukiviona huna haja ya daftari. Watoto wa simba au chui milia wanapakatwa na wageni kwa picha: ondokeni. Ili kuwe na mtoto wa kupakatwa kila wiki lazima wazaliwe mfululizo na kunyang'anywa mama, na wakikua wanaenda wapi? Marekani walipitisha sheria Desemba 2022 inayokataza hilo. Chui milia weupe wanatangazwa kama aina adimu inayookolewa: sio aina, ni rangi, wengi wao wametokana na dume mmoja aliyekamatwa Rewa, India, mwaka 1951 na kuzalishwa na bintiye mwenyewe, ndo maana makengeza ni mengi. Wale wa AZA, chama cha zoo za Marekani, walikataza wanachama wao kuwazalisha mwaka 2011. Na mnyama anayelazimishwa kucheza kama binadamu, hapo hakuna cha kujadili.

Kabla ya kusafiri tazama kama kila zoo ni mwanachama wa AZA, au EAZA kwa Ulaya, au chama cha nchi husika. Kwa AZA ukaguzi unarudiwa kila baada ya miaka 5, na chini ya 10% ya wote wenye leseni ya kuonyesha wanyama Marekani ndo wana cheti hicho, kwa hiyo sio karatasi tu. Ila cheti ni sakafu, hakikuambii dari liko wapi. Nimekuta zoo zenye cheti zina banda moja la aibu, na nimekuta sehemu ndogo isiyo na cheti inamtunza bundi mmoja kipofu kama mfalme.

Umeuliza kama zote ni jela. Nitakujibu kwa dhati na sio kukuridhisha. Zamani kipimo kilikuwa ni mnyama asiteseke, asiwe na njaa, kiu, maumivu, hofu. Hayo yalianzia kwa mifugo, ripoti ya Uingereza ya 1965 na baadaye zile zinazoitwa uhuru tano za 1979. Kisha David Mellor na mwenzake New Zealand wakaja mwaka 1994 na namna ya kupima maeneo matano, chakula, mazingira, afya, tabia, na la tano ni hali ya akili yake, na kadri miaka ilivyopita wakasisitiza kwamba haitoshi kuondoa mabaya, mnyama awe pia na mazuri ya kufurahia. Kwa kipimo hicho zipo zoo ambazo ni jela na zingefungwa kesho nisingelia. Zipo ambazo vyura na mijusi na ndege wengi mno wanaishi maisha kamili. Na kuna wanyama, dubu mweupe ni mmoja, ambao mimi binafsi nadhani hatujawahi kuwajengea panapowatosha na sijui kama tutaweza, na hilo nawaambia hata walionialika kukagua, wengine hawanialiki tena.

Kwa hiyo mkimkuta tena anayeenda na kurudi na binti akakushika mkono, usimwambie ana mazoezi, wala usimwambie anakufa kwa huzuni. Mwambie, mwili wake unataka kutembea mbali na hapa hapatoshi, tuandike tulichoona. Muandike saa, muandike dakika ngapi, mchore kile kinjia. Mrudi jioni mtazame tena. Halafu huo ukurasa upigeni picha muutume kwa zoo yenyewe, bila matusi, mkitaja siku na banda na mlichoona asubuhi na jioni, mkiuliza ana historia gani na wana mpango gani. Barua za hivyo zinasomwa. Nilikuwa kwenye kikao ambapo barua ya mgeni mmoja, mama mwenye watoto kama wewe, aliyeandika kwamba saa saba mchana banda zima la fisi maji halikuwa na kivuli hata cha kiganja, ilisomwa kwa sauti, na sisi wote tulikuwa tunapita pale kila siku saa mbili asubuhi kivuli kikiwepo. Wiki mbili baadaye turubai lilikuwa juu na miti imeagizwa.

Mkirudi nitumie yale madaftari, hasa ya twiga, nataka niyaone kweli. Na beba kalamu za risasi za ziada, za wino zinagoma mvua ikinyesha.